Habari za Upanga wa Kijapani, na Chuma cha Kwetu



Mtu akiamka alfajiri katika Dutumi, katika nchi hii ya Kibaha na Kisarawe, hatakwenda mbali kabla ya kukutana na mwenziwe aliyeshika panga. Kwa panga twafyeka shamba, twakata kuni, twafungua madafu. Nyumba isiyo na panga siku hiyo kazi yake imesimama. Walakini lugha yetu ina neno la pili, nalo ni upanga. Upanga si chombo cha shamba. Ni silaha ya vita, nayo ina ala yake na heshima yake.

Leo twataka kueleza habari za upanga mmoja wa mbali, uitwao katana, yaani upanga wa Kijapani. Siku hizi upanga huo haukati kuni wala haupigani. Watu wa nchi nyingi huununua wapate kuutundika ukutani, au kuuweka katika kabati la kioo, wautazame na kuwaonyesha wageni. Wako watoao fedha nyingi sana kwa upanga mmoja tu wa kale.

Huenda mtu akauliza, "Silaha isiyokata kitu ina faida gani? Na sisi watu wa Dutumi yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini itatubidi kwenda Japani kwanza, kisha Burma, kisha turudi nyumbani. Maana sehemu kubwa ya jibu imelala ardhini hapa Kisarawe.

Tuanze na umbo lake. Katana ni upanga wenye makali upande mmoja tu, nao umepinda kidogo kama mwezi mchanga. Urefu wa ubapa wake hupita sentimita 60. Mpini ni mrefu, hata mtu aweza kuushika kwa mikono miwili. Nao ni wa mti, umevikwa ngozi ya samaki taa, yule yule tumjuaye wa pwani yetu, kisha ukazungushiwa kamba ya hariri. Kati ya mpini na ubapa pana kisahani cha chuma cha kukinga mkono. Ala yake ni ya mti uliopakwa utomvu ung'aao. Mwenye upanga aliuchomeka mshipini, makali yakielekea juu, ili akiufuta apate kukata papo hapo kwa tendo moja.

Uzuri wa upanga huo haukuanza katika mpini wala ala; ulianza katika moto. Wajapani walichukua mchanga mweusi wenye chuma, wakautia katika tanuu ya udongo pamoja na makaa ya miti, na mivukuto ikapuliza siku tatu mchana na usiku bila kupumzika. Mwisho wake tanuu ilivunjwa, likatolewa bonge kubwa la chuma. Kwa mkupuo mmoja huhitajika yapata tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa, na bonge litokalo ni kama tani mbili na nusu; wala si lote lifaalo kwa panga. Mafundi hulivunja na kuchagua vipande vyenye pua njema, kila kipande kwa jicho na mkono.

Kisha mhunzi hufua. Hukipiga kipande mpaka kikawa bapa, hukikunja, hukipiga tena. Ninyi wanafunzi hesabuni: ukikunja mara moja hupata matabaka mawili, mara mbili manne, mara tatu manane, ukifika mara 10 umepata matabaka 1,024. Kwa kazi hiyo taka hutoka, na pua ikawa sawa pande zote. Tena mafundi wengi huweka chuma laini ndani na pua ngumu nje, ili upanga uwe mkali wala usivunjike.

Mwisho huja saa ya hatari. Mhunzi hupaka udongo juu ya ubapa, mwembamba penye makali, mnene mgongoni. Huutia motoni katika chumba chenye giza, apate kuona vema rangi ya chuma, kisha huutumbukiza majini. Makali hupoa mara moja yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki laini. Kwa kuwa sehemu ile ngumu hutanuka kuliko nyingine, upanga wenyewe hujipinda ndani ya maji. Nyingi hupasuka hapo, na kazi ya siku nyingi ikapotea. Uliosalimika huonyesha mstari mweupe kama wimbi ukifuata makali, nao ndio autazamao kwanza mtu ajuaye panga.

Sasa tutazame mambo yaliyoupata upanga huo katika tarikh. Mwaka 1588 mtawala mkubwa aitwaye Toyotomi Hideyoshi aliwaamuru wakulima wote watoe panga, mikuki na bunduki zao. Aliwaambia kwamba chuma hicho kitafanywa misumari ya kujengea sanamu kubwa ya Buddha. Ukweli ni kwamba alitaka mkulima abaki na jembe, na silaha zikae kwa askari peke yao. Baadaye, tangu mwaka 1603 hata 1868, nchi ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa, na katika miaka mingi ya zamani hizo palikuwa na amani. Askari wa cheo, walioitwa samurai, walitembea na panga mbili, moja ndefu na moja fupi, zikiwa alama ya daraja yao. Hivyo upanga ulianza kuwa pambo hata kabla ya kuacha kuwa silaha.

Hata ilipofika mwaka 1876, serikali mpya ya Japani ilipiga marufuku kuchukua upanga hadharani, isipokuwa kwa askari wa serikali na watu wachache wenye ruhusa. Fikirini mhunzi ambaye baba yake na babu yake walikuwa wahunzi wa panga, akiamka asubuhi na kukuta kwamba hakuna mnunuzi. Wengi waliacha kazi. Wengine waligeukia visu vya jikoni na vyombo vya ukulima. Ujuzi wa miaka mamia ulikuwa karibu kuzimika kama kibatari kisicho na mafuta. Wachache waliushikilia, nao wakapata msaada: mwaka 1906 wahunzi wawili, Gassan Sadakazu na Miyamoto Kanenori, walitiwa katika hesabu ya mafundi wa heshima wa nyumba ya mfalme.

Kisha vilikuja vita. Katika miaka ya 1930 jeshi la Japani liliwataka maofisa wake wachukue upanga wenye umbo la kale, na kwa kuwa wahunzi hawakutosha, viwanda vikatengeneza kwa mashine panga nyingi mno. Kwa mbali zilifanana na zile za kale, lakini hazikukunjwa wala hazikupitia mkono wa fundi kwa namna ile. Maofisa wengine walichukua panga za urithi wa jamaa zao, zikatiwa mpini wa kijeshi. Hivyo panga za namna mbili zilikwenda vitani pamoja, na kwa nje hazikuwa mbali.

Hapa ndipo habari hii inapowagusa watu wetu. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliingia Burma. Katika divisheni hiyo mlikuwa na askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika. Vikosi vya 26 na 36 vya Keya vilikuwa vya Tanganyika. Waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa, katika matope, homa na misitu minene, na mwanzo wa Desemba 1944 waliutwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Vita vilikuwa vya bunduki, mabomu na mizinga. Walakini ofisa wa Kijapani alichukua upanga wake hata katika misitu ile. Kwake ulikuwa alama ya amri na heshima. Kwa askari wetu aliyemwona akitokea katika mianzi, haukuwa pambo hata kidogo.

Japani iliposhindwa mwaka 1945, jambo la panga lilifikiriwa sana. Admirali Mountbatten, mkuu wa majeshi ya Mataifa ya Muungano katika Asia ya kusini-mashariki, alitaka maofisa wa Kijapani wazitoe panga zao kwa mikono yao wenyewe. Jemadari Slim, aliyekuwa mkuu wa jeshi la 14 ambalo askari wetu walikuwa chini yake, alitaka wazitoe mbele ya askari wao, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba jeshi lile halikushindwa. Upanga wa Jemadari Kimura, mkuu wa Wajapani katika Burma, ukawa wa Slim, naye akauweka nyumbani kwake juu ya meko ya sebule. Terauchi, mkuu wa Wajapani katika nchi zote za kusini, alitoa panga zake mbili kwa Mountbatten huko Saigon mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Hivyo panga maelfu zilisafiri kwenda Uingereza, Marekani na Australia katika mizigo ya askari, zikawa kumbukumbu za vita kuta za nyumba za wageni.

Katika Japani yenyewe mambo yalikuwa mazito zaidi. Wamarekani walioishika nchi waliamuru silaha zote zikusanywe, na upanga ulihesabiwa kuwa silaha. Nyingi zilitupwa baharini au kuyeyushwa, zile za kiwanda na zile za kale pamoja. Ulikuwako upanga mmoja mashuhuri uitwao Honjo Masamune, kazi ya Masamune, mhunzi aliyesifiwa kuliko wote, nao ulikuwa mali ya ukoo wa Tokugawa. Mwaka 1939 serikali ilikuwa imeuandika katika hazina za taifa. Baada ya vita mwenyewe alitii amri, akaupeleka katika kituo cha polisi cha Mejiro mjini Tokyo. Tangu siku zile haukuonekana tena. Huenda upo leo ukutani mwa mtu asiyejua alicho nacho. Huenda ulikwisha kuyeyushwa. Tazameni jinsi kitu kilivyo dhaifu kikiwa mikononi mwa asiyejua habari zake!

Ndipo wataalamu wa Kijapani walipowaendea wakuu wa Kimarekani, wakawaeleza kwamba upanga wa kale si bunduki. Ni kazi ya sanaa, kama sanamu au kitabu cha kale. Wakasikilizwa, na panga za sanaa zikaruhusiwa kubaki. Mwaka 1948 kiliundwa chama cha kuzihifadhi. Mwaka 1953 wahunzi walianza tena kupewa ruhusa ya kufua. Kwa sheria za huko mhunzi hafui isipokuwa ana cheti, na kila upanga huandikishwa. Mwaka 1977 tanuu ya namna ya kale iliwashwa tena huko Yokota, katika jimbo la Shimane, chini ya uongozi wa wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo kabla ya mwaka 1945. Hata leo huwashwa wakati wa baridi, na pua yake hugawanywa kwa wahunzi.

Kabla ya kurudi nyumbani, yafaa tuseme neno juu ya panga ziuzwazo madukani kwa ajili ya pambo tu. Nyingi si za mhunzi. Zimekatwa kwa mashine katika chuma kisichoshika kutu, na ule mstari wa makali umechorwa kwa dawa au kwa brashi ya waya. Ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika upanga wa kweli mstari huo umo ndani ya pua, na mtaalamu akiuelekeza penye mwanga huona chembe ndogo kama umande. Tena upanga wa kweli hushikwa na kijiti cha mwanzi kipitacho katika mpini; kikitolewa, shina la chuma huonekana, refu na nene, na mara nyingi limechorwa jina la mhunzi. Kutu nyeusi ya shina hilo haisuguliwi kamwe, maana ndiyo inayoonyesha umri. Katika nyingi za bandia shina ni chuma chembamba kilichounganishwa kwa moto. Mtu akiurusha upanga huo kwa mchezo, ubapa waweza kuchomoka ukamwumiza aliye mbele. Basi cha kutundikwa na kitundikwe, wala kisichezewe.

Upanga wa kweli una utunzaji wake. Haushikwi ubapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu. Hupanguswa kwa karatasi laini, kisha hupakwa mafuta mepesi ambayo tangu zamani hutiwa harufu ya karafuu, ile ile tunayoijua sana ya Unguja na Pemba.

Sasa turudi Kisarawe. Katika miaka ya 1980 mwanachuoni wa Kitanzania, Felix Chami, alichimba mahali paitwapo Limbo katika wilaya ya Kisarawe. Hakukuta dhahabu wala majumba. Alikuta mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto, na vigae vya vyungu. Vitu hivyo vyaonyesha kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wakati huo huko Japani Masamune alikuwa bado zaidi ya miaka elfu moja kuzaliwa.

Wala si Kisarawe peke yake. Wafipa walijenga tanuu ndefu kuliko kimo cha mtu, ambazo upepo ulijivuta wenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilitiwa tena katika tanuu ndogo kisafishwe. Wahaya, magharibi ya ziwa la Victoria, nao walikuwa na elimu yao. Lakini majembe ya viwanda yalipofika kwa wingi na kwa bei rahisi kutoka ng'ambo, wayeyushaji waliziacha tanuu zao. Mhunzi wa leo katika vijiji vyetu angali anafua, tena anafua vema, lakini chuma chake ni springi kuukuu za motokaa. Kuyeyusha jiwe likawa chuma, wengi hawakujua kwamba babu zetu waliweza.

Mwaka 1976 katika nchi ya Wahaya wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana wao walimwonyesha mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, jinsi ilivyofanywa. Walijenga tanuu upya, wakachoma makaa, wakavuta mivukuto. Mikono ilikuwa imesahau mengine, ikawabidi kujaribu tena na tena; mwisho chuma kikatoka, na ndani yake mkaonekana pua. Angalieni tarehe hizi mbili: 1976 kwa Wahaya, 1977 kwa Wajapani wa Yokota. Mahali pote pawili ni wazee waliokumbuka, na tanuu iliyokuwa imezimwa. Lakini huko Yokota tanuu ilikabidhiwa vijana, ikawa kazi ya kila mwaka. Kwetu ilikuwa kazi ya uchunguzi. Wazee walionyesha, wakaandikwa, nao wakaenda zao kwa Mungu mmoja mmoja.

Basi hili ndilo jibu la swali letu. Upanga wa ukutani hauna faida kwa sababu ya kuwa upanga. Faida yake ni kwamba nyuma yake kuna watu ambao bado waweza kusema ulifuliwa na nani, kwa mchanga wa wapi, na kwa njia gani. Na akitokea kijana atakaye kujifunza, yuko wa kumfundisha. Hayo yakiondoka, hata kazi ya Masamune ni chuma kikuukuu kinachongoja kuyeyushwa. Na hayo yakiwapo, jembe lililopinda la babu yako ni hazina, ijapokuwa halina ala wala hariri.

Huenda katika nyumba fulani ya Dutumi kuna mkuki wa kale darini, au jembe lisilo la dukani, au nyundo ya mhunzi aliyekufa. Usiliuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya kuuliza. Muulize bibi yako lilitoka wapi, nani alilifua, liliolea nani au lilirithiwa na nani. Enyi wanafunzi, andikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la msemaji na mwaka. Na mtu alimapo akiokota mavi ya chuma, mazito na meusi, yenye matundu kama sifongo, asiyatupe tu. Akumbuke mahali alipoyaona, amwambie mwalimu. Huenda amesimama juu ya tanuu ya watu wa kale.

Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini akiba ya ujuzi huoza upesi kuliko nafaka, maana ghala lake ni kichwa cha mtu, na mtu hakai milele. Wajapani nusura wachelewe. Sisi tumechelewa kwa mengi, walakini hatujachelewa kwa yote, maadamu wako wazee wa kuulizwa na vijana wa kuuliza.